Jodari wa kopo

Mama Salma: Jamani, habari za jioni. Watu wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wamekuja na afisa afya wa kata, wamebeba katoni zote za jodari pale dukani kwa kijana wetu.

Baba Neema: Zote? Si yalivimba makopo machache tu? Mtaji wenyewe mdogo yule. Wangechambua wakamwachia mazima.

Bi Zuhura: Nilikuwepo. Nilishika moja, ukibonyeza kifuniko kinaingia, ukiachia kinaruka "tak". Hiyo ni gesi, huenda ndani kuna vijidudu hai. Na hayo mazima yana namba ileile ya toleo. Kama kasoro ni ya kiwandani, utayachambuaje kwa macho?

Neema: Bibi, na yakichemshwa vizuri?

Bi Zuhura: Mjukuu wangu, sumu ya botulini, ile inayotolewa na vijidudu, inaharibika ikichemka sawasawa, lakini kile kidogo unachoonja wakati wa kufungua kinaweza kukuua. Halafu kuna sumu nyingine, histamini, inatokea jodari akikosa barafu kabla hajafika kiwandani. Hiyo moto hauiondoi, wala kopo halivimbi. Unakula, uso unawaka, moyo unakwenda mbio.

Idd (Ubelgiji): Shikamoo Bi Zuhura. Huku 1982 mtu alikufa kwa samoni wa kopo kutoka Alaska. Kopo lilikuwa na tundu dogo sana, limetobolewa na mashine kiwandani. Marekani ikaondoa sokoni mamilioni ya makopo kwa ajili ya tundu lile.

Baba Neema: Nimeelewa. Ila hasara asiachiwe kijana peke yake, kuna aliyemuuzia.

Mama Salma: Risiti ya Kariakoo anayo.

Bi Zuhura: Marahaba Idd. Basi kijana aipeleke TBS kesho asubuhi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, si TFDA tena, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Risiti ndiyo itakayowafikisha kwa muuza jumla na mwagizaji. Na aombe karatasi inayoonyesha idadi waliyochukua.

Baba Neema: Nitamsindikiza.

Mama Salma: Mimi ninayo mawili jikoni, hayajavimba.

Bi Zuhura: Usiyafungue, wala paka usimpe. Yafunge kwenye mfuko, umkabidhi afisa afya. Na mama wa sambusa pale stendi? Nasikia alichukua katoni nzima.

Neema: Namba yake ninayo, nampigia sasa hivi.