MJADALA: Rais aapishwe kabla ya majaji kutoa sababu?

Mkazi wa Kondele, Kisumu:
Ndugu zangu, tazameni tarehe. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitupilia mbali kesi ya Raila Odinga ya kupinga matokeo ya urais tarehe 30 Machi. Uhuru Kenyatta akaapishwa 9 Aprili. Hukumu yenye sababu ikatolewa 16 Aprili, rais keshaingia Ikulu! Mwaka 2022 William Ruto aliapishwa 13 Septemba, hukumu kamili ikaja tarehe 26.

Hakimu wa Winam akimfunga mwizi wa kuku, kifungu cha 169 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamlazimu aandike hoja, uamuzi na sababu zake. Kesi ya nchi nzima ndiyo isubiri? Nasema sababu kwanza, kiapo baadaye.

Mdau wa Nakuru:
Katiba inawapa majaji siku 14 tu kusikiliza na kuamua. Ukiwabana waandike yote humo humo, watalipua kazi. Tena 2022 usiichanganye na 2013. Jaji Mkuu Martha Koome alipitia hoja zote tisa siku ile ile ya uamuzi, 5 Septemba.

Mama wa Kibuye:
Tuambiane ukweli, watu wa Kisumu. Ushindi wa Uhuru ulipofutwa 1 Septemba 2017, mji ulicheza. Nani aliuliza sababu? Zilikuja tarehe 20, na maoni ya majaji wawili waliopinga, Njoki Ndung'u na Jackton Ojwang, sijui ni wangapi hapa waliyasoma.

Mkazi wa Kondele:
Mama, hapo umenisaidia. Mshindi hutosheka na neno moja. Anayehitaji sababu ni aliyeshindwa, aone kwamba ushahidi wake ulisomwa na kwa nini haukutosha. Mwaka 2017 waliokaa siku 19 wakisubiri maelezo kamili walikuwa wafuasi wa Uhuru, na haki hiyo ilikuwa yao pia. Majaji hatuwapigii kura. Maandishi yao ndiyo tunayowapimia.

Siku 14 zibaki. Ila kifungu cha 141 cha Katiba kinaweka kiapo Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu uamuzi. Hesabu hiyo ianze siku sababu zinapotolewa.

Mdau wa Nakuru:
Na wiki hizo zote rais anayeondoka aendelee kushika serikali, hata kama yeye ndiye aliyeangushwa? Hapo sikufuati.