Pikipiki ya bwana shamba ipo, mafuta hakuna. Tembo wamemaliza ekari tatu, fomu ya kifuta jasho ina miezi 14

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Niko Mkoa wa Mara, upande wa magharibi wa Serengeti, kutoka shambani kwangu hadi mpaka wa hifadhi ni kama kilomita sita. Wilaya naiacha maana nikiitaja kesho mtendaji ananiita ofisini.

Msimu ule nililima ekari tatu za mahindi, mbegu ya dukani, mbolea ya ruzuku. Mahindi yakiwa ya magotini viwavijeshi vamizi wakaingia. Nampigia bwana shamba wa kata, kijana mzuri tu, simu anapokea, ananiambia mzee wangu pikipiki ninayo ila mafuta hakuna, halmashauri haijatoa miezi mingi. Na pikipiki yenyewe ni hizi walizogawiwa maafisa ugani 2022, nimeiona kwa macho yangu imefunikwa turubai nyuma ya ofisi ya kata, tairi la mbele halina upepo. Ikabidi nimrushie elfu tano ya mafuta kwenye simu ndo akaja, akanielekeza dawa, nikapiga, mahindi yakapona. Kwahiyo anajua kazi yake, elfu tano tu ndo ilikuwa imemkalisha ofisini, na kata nzima ilikuwa inaliwa na wadudu wiki hiyo!

Yalipotoa mbelewele wakaja tembo. Saa nane usiku, niko kibandani na mwanangu, tuna tochi mbili, debe na filimbi. Kamba ya vitambaa vya oili chafu na pilipili nilikuwa nimeizungusha pande tatu, upande wa nne hela ya pilipili iliisha. Wakapitia hapohapo. Tembo anang'oa shina zima, anakung'uta udongo kwenye mguu wake taratibu, anakula, anang'oa lingine, na wewe unapiga debe mpaka mkono unakufa ganzi hata hageuki. Tuliwapigia askari wanyamapori muda uleule, wakafika saa nne asubuhi, wakasema gari ni moja na usiku ule lilikuwa kijiji kingine. Walichokuta ni nyayo zimejaa maji, kila moja kama beseni.

Nikajaza fomu, bwana shamba akapima hasara (mafuta nikaweka tena mimi), mtendaji akagonga muhuri, ikaenda wilayani. Miezi 14 sasa. Na wasiojua wajue, kisheria hela ya fomu hiyo sio fidia ya hasara yako, ni kifuta jasho, yaani ya kukupoza tu, kanuni za 2011 ziliweka kiwango cha juu laki moja kwa ekari na mwisho ekari tano hata kama umeliwa ekari ishirini. Ekari yangu ikikubali inanipa gunia kumi na mbili. Hata hiyo laki haijaja.

Mwanangu akaniuliza hizi hifadhi zilianzaje mpaka zikawa na nguvu hivi, nikaanza kusoma. Waliozitaka hifadhi walijua kudai. Tangu 1896 gavana von Wissmann anatunga sheria ya wanyama enzi za Mjerumani. 1930 chama cha wahifadhi cha Uingereza kikamtuma Meja Hingston azunguke Afrika Mashariki, akarudi na ushauri kwamba zitengwe hifadhi za taifa. Kenya kuna Mervyn Cowie, aliandika barua gazetini kwa jina la uongo la mlowezi wa zamani akidai wanyama wote wauawe, makusudi watu wachukie, wakachukia kweli, kamati ikaundwa na 1946 Hifadhi ya Nairobi ikafunguliwa. Huku kwetu Serengeti ikawa hifadhi kamili 1951, Wamasai wakakubali kuhama 1958, Ngorongoro ikatengwa 1959, na huku magharibi wazee wetu wakapoteza mawindo yao. Mwalimu naye 1961 pale Arusha alisema wazi kuwa kutunza wanyama kunataka wataalamu na fedha, na mataifa mengine yasaidie. Simlaumu, alidai kitu kikaonekana.

Sasa kilimo nani alikidai hivyo? 1951 hiyohiyo Waingereza wanafunga mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, umekula pauni zaidi ya milioni 30, hela ilipatikana kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa shida. Mkulima wa mtama wa Mara hakuwemo kwenye hesabu.

Na baada ya uhuru? Maputo 2003 marais wa Afrika walikubaliana angalau asilimia 10 ya bajeti iende kilimo, Malabo 2014 wakarudia ahadi ileile. Sisi 2021/22 wizara ya kilimo ilipata bilioni 294, mwaka uliofuata bilioni 954, na nilifurahi jamani, nilifurahi kabisa. Lakini bajeti nzima ya serikali mwaka huo ilikuwa trilioni 41.48, piga mwenyewe, ni asilimia mbili na kidogo, ongeza mifugo na uvuvi bado hufiki hata nusu ya ahadi. Alafu bwana shamba ni mtumishi wa halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, pikipiki inanunuliwa na wizara, mafuta yanatakiwa yatoke halmashauri, kifuta jasho kiko wizara ya maliasili. Ofisi tatu, na kila nikienda moja naelekezwa nyingine.

Hifadhi siichukii, binamu yangu anaongoza watalii na anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachotaka ni mafuta ya pikipiki yawe na fungu lake lisiloguswa, gari la askari lilale huku vijijini kuanzia mahindi yanapobeba mpaka tunavuna, na fomu ikipita miezi mitatu mtu ajibiwe kwa maandishi.

Wa Bunda, Meatu, Mvomero, Liwale, Namtumbo, nyie mlioliwa na tembo mlilipwa baada ya muda gani? Na kama humu yuko mtu wa ofisi ya wanyamapori ya wilaya yoyote anisaidie, fomu ikishatoka wilayani inakaa kwenye meza ya nani? Kopi yangu ninayo, ina muhuri na tarehe, nauli ya kumfuata nitatafuta.