Naombeni ushauri: pikipiki ya theluji inabugia mafuta

Wakuu habari za muda huu. Nina pikipiki ya theluji ya zamani, injini tuu stroki ya silinda mbili, kila silinda na kabureta yake (inayochanganya petroli na hewa), siku hizi inabugia mafuta balaa, tanki lililokuwa linanitosha kwenda na kurudi saa hizi linakata njiani na njia ni zile zile zilizoshindiliwa, sio theluji laini useme inazama.

Nimefungua plagi, moja ina rangi ya kahawia safi kabisa, ya pili nyeusi tii, imelowa na inanuka petroli. Mimi nawaza choki ya upande huo (ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi) haifungi vizuri au sindano ya boya, ile inayozuia petroli kabureta ikijaa, imelika petroli inapitiliza, maana ingekuwa jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) kubwa si zingekuwa nyeusi zote? Fundi anang'ang'ania mkanda wa klachi (unaotoa nguvu kwenye injini kwenda kuisukuma pikipiki) umeisha, na ni kweli injini inalia sana spidi haipandi, ila mkanda utaloweshaje plagi jamani. Treki, ule mkanda mpana wa chini unaokanyaga theluji, nimeicheki, haijakazwa kupita kiasi.

Nianze na kipi kabla sijafumua kabureta? Au inaweza kuwa cheche dhaifu tu, kofia ya plagi imechoka?