Triumph TR6: klachi haiachii, giaboksi inanguruma gia tatu za kwanza

Spoku72: Wakuu, TR6 ya 1971 (gari dogo la michezo la Kiingereza), giaboksi ya gia nne na ovadraivu aina ya A (kifaa cha nyuma ya giaboksi kinachopunguza mizunguko ya injini). Pedali ya klachi ilikuwa nzito, ghafla ikawa nyepesi. Sasa injini ikiwaka, gia ya 1 haiingii na rivasi inakwaruza. Masta silinda (pampu ya mafuta ya klachi kwenye pedali) ni mpya, hewa imetolewa, na fimbo ya silinda ya chini (inayosukuma mkono wa klachi kwenye giaboksi) inasukuma vizuri. Pia kuna mngurumo gia ya 1, 2 na 3. Ya 4 kimya. Ni lazima injini ishuke? Nikishafungua nibadilishe nini?

Gereji_Usiku: Injini haishuki, hiyo ni adha ya wenye MGB, gari jingine la Kiingereza. Hapa giaboksi inatokea ndani ya gari. Chomoa betri, toa viti, zulia, kile chuma kinachoshikilia dashibodi katikati, kisha kifuniko cha handaki (kinachofunika giaboksi katikati ya sakafu). Kifuniko ni cha ubao mwepesi, ukikivuta kwa hasira kinapasuka. Fungua bolti nne za propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), waya wa spidomita, nyaya za ovadraivu na mkono wa egzosi. Silinda ya chini fungua bolti zake mbili tu, uifunge pembeni na paipu yake, usimwage mafuta bure. Toa mfuniko wa juu wa giaboksi pamoja na wenzo wa gia upate nafasi, ziba tundu kwa kitambaa. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampu (bakuli la mafuta ya injini), ndipo ufungue maunting ya nyuma na bolti za nyumba ya klachi. Spana ni za inchi. Vuta moja kwa moja kurudi nyuma, na uzito wa giaboksi usining'inie kwenye shafti yake ya mbele maana utapinda disiki ya klachi. Muwe wawili.

Pini_na_Nati: Dalili hizo ni za pini ya uma wa klachi. Ni pini nyembamba upande mmoja inayofunga uma kwenye shafti yake; ikikatika, mkono wa nje unazunguka na uma umetulia. Weka pini mpya, ikaze, ifunge kwa waya. Kisha toboa uma na shafti mahali pengine, upitishe bolti ngumu ya robo inchi iwe pini ya pili. Bushi za shafti zikiwa zimelika badilisha pia, maana ndizo zinazoifanya pedali kuwa nzito na kuikata pini. Uko ndani tayari, kwa hiyo weka na rilizi beringi mpya (ile inayosukumwa na uma ili klachi iachie).

Gereji_Usiku: Naongeza: kabla ya kufungua chochote, mtu akanyage klachi huku ukitazama puli ya mbele. Krankshafti (shafti kuu ya injini) ikionekana kwa macho kusogea mbele na nyuma, washa zake za nyuma (vipande bapa vinavyoizuia kusogea) zimekwisha, na zikidondokea kwenye sampu zinaweza kuua bloku. Mchezo unaotakiwa, yaani nafasi yake ya kusogea, ni inchi 0.006 hadi 0.008.

Leishafti: Mngurumo ni jambo jingine. Gia ya 4 inapita moja kwa moja, haibebeshi leishafti mzigo (shafti ya pili ndani ya giaboksi, inayopitisha nguvu katika gia za chini). Ndiyo maana iko kimya. Utakuta beringi za sindano zimelika na shafti ina vishimo. Usiweke sindano mpya kwenye shafti ya zamani, zitalika tena. Kata chuma cha mviringo, urefu sawa na gia za leishafti na chembamba kidogo kuliko shafti, usukumie nje shafti kwa hicho, sindano hazitamwagika. Wakati wa kurudisha zishike kwa grisi. Saklipu (klipu ya ringi) ya menishafti, yaani shafti kuu ya giaboksi, inatoka kwa taabu, usirudishe ya zamani. Ringi za sinkro (zinazolinganisha kasi ili gia iingie bila kukwaruza) zibonyeze kwenye koni ya gia: ringi ikigusa meno ya gia bila kuacha nafasi, tupa.

Spoku72: Asanteni. Mafuta ya giaboksi je, ya daraja la GL-5, mazito, yatapunguza kelele?

Leishafti: Hapana. Viongezi vya GL-5 vinaweza kula shaba ya ringi za sinkro. Weka GL-4 ya 80W-90, na ovadraivu yako inatumia mafuta hayohayo. Jaza hadi yatiririke kwenye tundu la kizibo cha pembeni, tembeza gari uingize ovadraivu mara kadhaa, subiri yatulie, pima tena. Lazima yatakuwa yameshuka.