Ulinganishi wa jinsia katika filamu mbili: msimamizi karudisha pendekezo mara ya pili

Kijana_wa_Kurasa20:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Ninaandika makala ya utafiti ya kurasa 20, ya ulinganishi, kuhusu jinsia katika filamu. Nimechagua Alien ya Ridley Scott (1979) na Gravity ya Alfonso Cuarón (2013). Zote ni za anga za juu, na zote mwanamke ndiye anayebaki hai mwishoni, Ripley huku na Stone kule, kwa hiyo niliona zimelingana. Dai langu lilikuwa kwamba usawiri wa mwanamke umeboreka ndani ya miaka hiyo 34.

Msimamizi kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umeboreka kutoka wapi hadi wapi? Na umejuaje kwamba ni miaka ndiyo iliyoleta tofauti?" Chini kabisa: "Hii ni mihtasari miwili iliyobanwa kwa pini moja."

Nikasema nijiokoe kwa kipimo cha Bechdel. Nacho kikanigeuka: Alien imepita, Gravity imefeli. Yaani ile ya zamani ndiyo bora? Zimebaki siku tisa. Nibadili filamu?

MzeeWaMkanda:

Usibadili. Kipimo hicho kilitoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya mwaka 1985, na wazo lenyewe alilipata kwa rafiki yake Liz Wallace. Mhusika mmoja anasema haendi kutazama filamu isiyo na wanawake angalau wawili, wanaozungumza wao kwa wao, juu ya jambo lisilo mwanamume. Filamu ya mwisho aliyoweza kuitazama? Alien. Imetajwa mle mle ndani ya katuni! Halafu wewe unashangaa imepita.

Gravity inafeli kwa kuwa Stone anakaa sehemu kubwa ya filamu bila mtu wa kuongea naye. Kipimo kile kinafaa ukiwa na filamu mia kadhaa na unatafuta mwelekeo. Ukiwa na mbili, kipe sentensi moja kwenye utangulizi, kisha songa mbele.

Mama_Fremu:

Mwanangu, hilo la pini nami lilinipata, ila wangu aliandika "So?" tu, akanirudishia.

Mimi nilichukua filamu tatu zilizotokana na hadithi moja. The Front Page ya 1931: mwandishi wa habari Hildy Johnson, mwanamume, anataka kuacha gazeti akaoe, na mhariri wake Walter anamfanyia kila hila asiondoke. Mwaka 1940 Howard Hawks akaitengeneza upya kwa jina la His Girl Friday, Hildy akawa mwanamke, tena mtalaka wa Walter. Mwaka 1974 Billy Wilder akairudisha, Hildy akawa mwanamume tena. Nikajiona nimeokota dhahabu. Rasimu ya kwanza nikaandika kwamba ya 1940 ni ya kimaendeleo kwa sababu mwanamke kapewa kazi ya mwanamume. Basi. Kurasa 14 za kurudia sentensi hiyo.

Kilichonifungua macho ni swali dogo: nani anamvuta Hildy aache kazi? Katika ya 1931 na ya 1974 ni mchumba wa kike, Peggy. Katika ya 1940 ni mchumba wa kiume, Bruce, wakala wa bima mpole mpaka unamhurumia. Kwa hiyo nyumba inagombana na kazi katika zote tatu, ila Hildy wa kike hawezi kuchagua kazi bila kumchagua Walter, maana bosi na mume ni mtu yule yule. Hildy wa kiume hana mtego huo. Na shoti za mwisho za 1940, Hildy anatoka akimfuata Walter huku kabeba begi mwenyewe, na Walter wala hapokei, anamwelekeza tu namna ya kulibeba. Lile begi lilinipa kurasa tatu.

Sasa sikiliza faida ya kuwa na tatu. Jambo likibadilika kati ya 1931 na 1974, Hildy akiwa mwanamume kote kuwili, hapo unaweza kushuku wakati. Likijitokeza 1940 peke yake, unaweza kushuku jinsia. Wewe una mbili tu, na zinatofautiana kwa mwaka, mwongozaji, aina ya hadithi, bajeti, kila kitu. Ndiyo maana neno "umeboreka" halisimami. Lifute.

Badala yake tafuta tendo moja linalotokea katika zote mbili. Unalo, sijui hujaliona? Wote wawili wanavua nguo. Ripley anavua kwenye chombo kidogo cha kuokokea akidhani amebaki na paka tu, kumbe kile kiumbe cha kutisha kilichowaua wenzake kimejibanza ukutani. Stone anavua vazi la anga mara tu anapofika kwenye kituo cha anga, anaelea amejikunja kama mtoto tumboni, na nyuma yake kuna mrija kama kitovu. Anza hapo. Tazama bila sauti kwanza. Andika kila shoti: kamera iko wapi, mwili upi unaingia kwenye fremu, unakatwa wapi, nani anatazama na nani hajui kama anatazamwa. Hapo ndipo makala ya Laura Mulvey ya 1975, ile ya jinsi sinema inavyomtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume, itakusaidia kweli. Usiimwage yote kwenye mapitio ya maandishi halafu usiiguse tena.

Na usigawe kurasa kumi za Alien kisha kumi za Gravity. Kila sehemu ibebe hoja moja na filamu zote mbili.

Zuhura_K:

Nakubaliana na Mama kwa kiasi. Ila hata hizo tatu zake, 1940 Hollywood ilikuwa chini ya Kanuni za Hays, yaani masharti ya maadili kuhusu kinachoruhusiwa kuonyeshwa kwenye filamu, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na kuondolewa 1968. Ya 1931 na ya 1974 ziko nje ya kipindi hicho. Je, ni jinsia ya Hildy au ni kanuni zilizofanya ndoa ishinde mwishoni?

Mama_Fremu:

Zuhura, ndilo swali nililoulizwa siku ya kutetea, nikababaika. Jibu langu la leo: siwezi kuvitenganisha kikamilifu, na nilipaswa kuandika hivyo waziwazi katika ukurasa wa pili badala ya kungoja niulizwe. Kijana, nawe andika mipaka yako mapema.

Nyongeza: waandishi wa skripti ya Alien walieleza kwamba nafasi zote zinaweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Stone kaandikwa mama aliyefiwa na binti. Ripley wa 1979 ana paka. Hapo pia pana sehemu nzima.

Kijana_wa_Kurasa20:

Mama asante, na wote. Nimekesha na hizo sehemu mbili bila sauti. Kuna kitu nimekiona, sijui kama nakivuta kwa nguvu. Ripley baada ya kuvua anavaa tena: anajiingiza polepole kwenye vazi la anga, na ni ndani ya vazi hilo anakitupa kiumbe nje. Stone ni kinyume. Mwishoni chombo chake kinazama, vazi linamvuta chini, analivua majini ndipo anaibuka, anatambaa ufukweni na kusimama. Mmoja anaokoka kwa kuvaa, mwingine kwa kuvua.

Mama_Fremu:

Hujakivuta. Kiweke ukurasa wa kwanza, dai la zamani lipumzike.

Ila msimamizi wako atauliza vazi linahusiana nini na jinsia, kwa hiyo jiandae. Mtu aliye ndani ya vazi la anga, kofia imefungwa na kamera iko mbali, hujui ni mwanamume au mwanamke. Rudi uhesabu ni mara ngapi kila filamu inakuruhusu usijue, na inakukumbusha kwa njia gani: uso, sauti ya kuhema, au mwili.