Samaki wanahema juu ya maji kila alfajiri, na mapovu yapo mengi tu. Tatizo ni nini?

Mtoto wa Igoma (mleta uzi)

Mwadila wakuu. Nina tangi la kioo la lita kama 120, liko sebuleni hapa Igoma, Mwanza. Ndani wamo samaki wa dhahabu sita, wale wekundu wa mapambo, pamoja na kambale mdogo aliyeletwa na mdogo wangu kutoka Ziwa Victoria (akikua nitamtoa, tafadhali msianze na hilo). Pampu ya hewa inatoa mapovu usiku na mchana, labda umeme ukatike. Filta ni ile ya kuzamisha, nimeifunga chini kabisa karibu na kokoto ili inyonye uchafu. Juu nimeweka gugumaji, limependeza sana, mizizi inaning'inia.

Shida ni hii: kila alfajiri nakuta wekundu wote wamepanga mstari juu, wanapiga midomo. Ikifika saa nne asubuhi wanashuka, wanakula, hakuna neno. Kambale yeye hana habari, amejilaza chini ya jiwe. Muuza duka ananiambia ninunue pampu kubwa zaidi. Kabla sijatoa hela, hii ni hewa au ugonjwa?

Chumvi Kidogo

Weka chumvi ya mawe mkuu, vijiko viwili. Watatulia.

Fundi wa Nyegezi

Chumvi ina kazi zake, lakini haiongezi hewa.

Mleta uzi, usinunue kitu kwanza, jibu liko kwenye maelezo yako mwenyewe. Kambale anaweza kupanda juu akameza hewa ya kawaida, ana kiungo cha kuipokea. Wekundu wanategemea hewa iliyoyeyuka ndani ya maji basi. Mmoja anahangaika na mwingine amelala, tena alfajiri tu: hapo oksijeni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mchana mimea inatoa oksijeni, usiku inaivuta pamoja na samaki, kwa hiyo kiwango kinafika chini kabisa kabla jua halijachomoza.

Sasa kuhusu mapovu. Povu linatoka chini hadi juu kwa muda mfupi mno, linachoacha njiani ni kidogo. Kazi yake kubwa ni kuyapandisha maji ya chini na kuuvuruga uso. Oksijeni nyingi inaingilia pale juu, maji yanapokutana na hewa, na kabonidayoksaidi inatoka hapo hapo. Wewe uso wako umeufunika na gugumaji, halafu filta inasukuma maji huko chini kwenye kokoto. Hata ukileta pampu ya ukubwa gani, mlango bado umefungwa.

Fanya hivi leo: pandisha filta mpaka mdomo wake uwe karibu sana na uso, uelekeze juu kidogo. Unataka uone uso mzima unatetemeka. Kama kuna utando wa mafuta juu ya maji, utavunjika wenyewe. Gugumaji toa.

Dada wa Kirumba

Fundi kamaliza, ila mimi gugumaji nisingelitoa lote. Linafyonza uchafu vizuri. Chukua kipande cha mpira wa maji, kiunge kiwe duara, kielee, majani yabaki ndani ya duara. Robo ya uso inatosha.

Halafu uliliokota wapi? Kama ni ufukweni hapa Mwaloni, lisafishe na kagua mizizi. Konokono wa ziwani wamo wanaobeba kichocho, na wewe mikono yako iko ndani ya hilo tangi kila mara.

Fundi wa Nyegezi

Kuhusu konokono nakubali. Kuhusu duara, dada, tutabishana. Gugumaji linazaana kuliko tunavyolipunguza. Ziwani kwenyewe penye blanketi zito la gugumaji maji ya chini yake hukosa hewa, na hapo kuna upepo na mawimbi. Sembuse sebuleni.

Hesabu Tupu

Kuna jambo linasahaulika. Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yakishiba yana miligramu 9 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 yana 7.5. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, toa kama asilimia 12 au 13. Yaani tangi la nyuzi 30 hapa Mwanza, hata likishiba kabisa, lina 6.5 hivi. Na samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi. Chumba chako kina dari au ni bati tupu?

Mtoto wa Igoma

Bati tupu mkuu 😅 na tangi liko karibu na dirisha la magharibi.

Hesabu Tupu

Lihamishe. Kama haliwezekani, funga pazia, na feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Inapoza na inavuruga uso kwa pamoja.

Mvuvi Mstaafu

Vijana, haya tuliyaona kwenye maji makubwa. Upepo mkali ukigeuza ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda, unakuta sangara wanaelea. Sangara hana uvumilivu hata kidogo. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wengi wanavumilia kuliko yeye, ndiyo maana wengine walijificha kwenye matete ambako sangara hafiki. Kamongo ndiye kiboko, ana mapafu, ukimzuia asipande juu anakufa maji.

Dada wa Kirumba

Mzee umenichekesha, samaki kufa maji 😂 lakini ni kweli.

Mtoto wa Igoma

Asanteni wazee wangu. Na umeme ukikatika usiku nifanyeje?

Fundi wa Nyegezi

Kuna pampu ndogo za hewa zinazotumia betri au pawabenki, weka moja akiba. Huna? Chota maji kwa jagi umwage kutoka juu, kila baada ya muda. Usiwalishe kabisa umeme ukiwa haupo, chakula kinawaongezea uhitaji wa hewa na mabaki yanaoza. Ukikatika saa nyingi, usiwashe filta kabla hujaisuuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe, maana bakteria wazuri waliomo nao wanahitaji oksijeni, wakifa maji yao yananuka.

Na pampu ya hewa ikae juu kuliko maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukizima maji yanaweza kurudi kwenye mpira hadi kwenye pampu, kisha sakafuni.

Mtoto wa Igoma

Mrejesho. Gugumaji limetoka lote (samahani dada), filta iko juu, uso unacheza. Alfajiri wanne wako chini wametulia. Wawili bado wanapanda juu, na hao wanapanda hata mchana.

Dada wa Kirumba

Mchana pia? Basi hao si hewa peke yake. Samaki wa dhahabu sita kwenye lita 120 ni wengi, amonia au nitraiti (sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) zinaweza kuwa zimepanda, na zote zinamfanya samaki aheme hata oksijeni ikiwepo. Fungua kifuniko cha shavu la samaki uangalie matamvua, pale anapohemea: yakiwa ya kahawia badala ya mekundu, shuku nitraiti. Badilisha theluthi ya maji leo, maji ya bomba yawe yamelala wazi kwenye ndoo usiku kucha dawa ya klorini itoke. Punguza chakula nusu. Kesho tupostie picha ya hao wawili, karibu, kichwa kionekane.