Draiva ya printa imekataa kutoka, nisaidieni

saiba_kondele
Habari zenu wadau. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Juzi nilikuwa naweka draiva mpya ya printa, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia, stima ikapotea katikati. Tangu hapo haichapishi, kazi inaingia kwenye foleni na kulala hapo. Nimeiondoa printa kwenye orodha, nimeondoa programu yake, nimezima na kuwasha kompyuta. Nikichomeka tu waya wa USB, Windows 10 inairudisha yenyewe na ubovu ule ule, sasa imeongezwa "Copy 1". Nikifuta draiva naambiwa inatumika. Inatumiwa na nani, na printa nimeizima? Tarehe 30 Juni ndiyo hiyo inakaribia, watu wanajaza ritani za kodi za KRA na kila mmoja anataka karatasi mkononi. Nawatuma kwa jirani. Nataka kuing'oa yote nianze upya.

mwalimu_kakamega
Pole sana dada. Mimi ilinishinda, nikaweka Windows upya. Siku nzima ilienda.

fundi_nakuru
Usifike huko dada, una mafaili ya wateja humo. Anayeishikilia draiva ni spula, huduma ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha. Hata printa ikizimwa, yenyewe inaendelea.

Chomoa waya wa USB na usiurudishe kwanza. Tengeneza restore point, yaani hali ya kuirudishia Windows mambo yakiharibika. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika `net stop spooler`. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa yaliyomo, folda yenyewe iache. Andika `net start spooler`, na papo hapo, kabla haijashika kitu, `printui /s /t2`. Litafunguka dirisha la draiva. Chagua yako, bonyeza Remove, na hapa ndipo wengi hukosea: chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ukitoa draiva peke yake, kifurushi, yaani mafaili yake ya kusakinishia, kinabaki kwenye DriverStore, ghala la draiva la Windows, na hicho ndicho Windows inachokuwekea tena kila ukichomeka waya.

saiba_kondele
Kwenye folda nimekuta mafaili sita, matatu ya .SPL na matatu ya .SHD. Ndizo kazi za siku ile? Nimefuta. Draiva imetoka lakini kifurushi kimegoma.

fundi_nakuru
Ndizo. Kila kazi huwa na mafaili mawili, moja ni chapa yenyewe, la pili ni maelezo yake. Kazi tatu zilikwama, spula ikawa inazingojea.

Sasa andika `pnputil /enum-drivers`. Orodha ni ndefu, isome polepole mpaka uone kampuni iliyotengeneza printa yako. Hapo juu yake kuna jina kama oem14.inf. Namba ni ya kompyuta yako, usinakili yangu! Ukikosea utang'oa draiva ya skrini au ya Wi-Fi. Kisha `pnputil /delete-driver oem14.inf /uninstall`, ukiweka namba yako. Kama printa ina skana, huenda vifurushi ni viwili.

wa_bungoma
Niongeze kidogo. Draiva mpya ipakue kwenye tovuti ya waliotengeneza printa, hizo programu zinazojidai kusasisha draiva zote achana nazo. Waya uchomeke pale tu utakapoambiwa wakati wa kusakinisha. Na fanya asubuhi, dada. Mvua za alasiri huko kwenu zikianza, stima haina uhakika.

saiba_kondele
Vilikuwa viwili kweli, oem9 na oem21, cha pili cha skana. Vyote vimetoka. Leo saa mbili asubuhi nimeweka draiva mpya, waya nikachomeka mwisho. Printa imejitokeza na jina lake, hakuna "Copy" tena. Wa kwanza kuhudumiwa ni mzee aliyerudi kutoka kwa jirani, kule foleni ilikuwa ndefu. Risiti yake ya ritani imetoka ikiwa bado na joto. Fundi, Mungu akubariki. Mwalimu, printa ikikusumbua tena niambie kabla hujagusa Windows.